Simba, Nguruwe na Neno "Angalau"

Maandishi ninayotaka kuyapima hapa ni mafupi mno. Ni kurasa mbili tu za jarida la sayansi la Uingereza liitwalo Nature, za mwaka 2005. Waandishi wake ni wanne: Craig Packer, Mmarekani aliyekaa miaka mingi Serengeti akichunguza simba, Watanzania wawili, Dennis Ikanda na Bernard Kissui, pamoja na Hadas Kushnir. Nililetewa nakala na kijana niliyemfundisha shule ya msingi, ambaye baadaye alisomea mambo ya wanyamapori. Aliiweka mezani kwangu hapa Newala akasema, "Mwalimu, hii inatuhusu sisi." Nimeisoma mara nne kwa kioo cha kukuzia maandishi. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikaona haya. Sababu za yote mawili nitazieleza, ingawa nitaanza na haya.

Wanasema hivi. Kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua angalau watu 563 katika Tanzania na kujeruhi wengine angalau 308. Mashambulizi mengi yalitokea huku kusini, Rufiji na Lindi zikiongoza, na yalizidi majira ya mavuno, Machi hadi Mei. Katika miaka hiyohiyo nchi ilitoka watu milioni 23 wa sensa ya 1988 ikafika milioni 34 wa sensa ya 2002, mashamba yakasogea porini, na wanyama ambao simba hula wakapungua. Aliyebaki ni nguruwe pori. Nguruwe hufuata mazao usiku, mkulima hulala shambani kumfukuza nguruwe, simba humfuata nguruwe akamkuta mkulima. Hiyo ndiyo hoja yao yote, na mimi nasema wamepatia.

Katika maisha yangu nimewasikia mabwana nyama, wakuu wa wilaya, mapadri na masheikh wakieleza kwa nini simba hula mtu. Mmoja atakwambia simba ni mzee hana meno. Mwingine atakwambia ni vita vya Msumbiji, kwamba simba walizoea kula maiti ng'ambo ya Ruvuma kisha wakavuka. Wengi zaidi watakwambia jambo la tatu, nalo nitalifikia. Sikumbuki hata mmoja aliyemtaja nguruwe.

Msomaji wa mjini huenda hajui dungu, basi nimweleze. Operesheni vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu kando ya barabara, lakini mashamba na mikorosho yao ilibaki kwenye mahame, mwendo wa saa moja au mbili kwa miguu. Mahindi yanapoanza kubeba, mtu huhamia huko. Husimamisha nguzo nne, hutandika fito juu yake kwa kimo cha kichwa cha mtu au chini ya hapo, huezeka nyasi, na ukuta hakuna, maana akiweka ukuta hataona kinachoingia. Chini huwasha moto. Mkononi ana debe la kupiga na sauti ya kupiga kelele. Nguruwe pori haji peke yake, huja na ukoo mzima, na ukiwaacha usiku mmoja robo eka ya mihogo utaikuta imefukuliwa kama iliyolimwa kwa trekta. Huku juu uwandani Waislamu ni wengi na nyama yake haliwi. Upande wa Masasi wako wanaomla, nao humwinda kwa nyavu na mbwa, lakini hata wao si kila wiki. Kwa hiyo nguruwe hustawi, na mtu hulala dunguni miezi mitatu kila mwaka. Wataalamu wameandika jambo hili kwa mistari michache. Mimi nililiona miaka yote ya kazi yangu, nikaliita utoro.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi chini ya mteremko, upande wa Masasi. Kila ifikapo Machi mahudhurio yalishuka, na waliokuja walisinzia. Palikuwa na mvulana wa darasa la sita, mwenye akili sana ya hesabu, aliyelala juu ya daftari siku tatu mfululizo. Nilimchapa fimbo nne. Hakusema neno. Baadaye nikapata habari kwamba alikuwa akilinda shamba na babu yake, basi nikaitisha mkutano wa wazazi na kutangaza kuwa mwanafunzi atakayelala dunguni siku ya masomo, mzazi wake nitampeleka kwenye baraza la kata. Yule babu akasimama. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, amevaa katambuga za matairi. Akasema, "Mwalimu, huyu mtoto simpeleki kufukuza nguruwe. Nampeleka ili nisilale usingizi. Mimi nikiwa peke yangu nalala." Nilimjibu kwa hotuba. Niliwataja ujinga, umaskini na maradhi, nikaeleza wajibu wa mzazi kwa taifa, watu wakapiga makofi.

Wiki tatu baadaye yule mzee alichukuliwa na simba, akiwa peke yake dunguni. Asubuhi lilikutwa debe na katambuga moja.

Mtendaji wa kijiji aliandika barua, ikapelekwa wilayani kwa baiskeli. Jibu lilirudi kwamba Bwana Nyama yuko safarini na gari halina mafuta. Kijijini palikuwa na magobore mawili, moja halina baruti. Usiku wa tano simba alirarua ukuta wa mabua wa jiko, mama mwenye nyumba akaokolewa na mwanawe kwa kijinga cha moto. Siku ya sita mazungumzo yakabadilika. Mtaalamu huuliza ni simba gani. Kijijini, siku ya sita, swali lilikuwa ni simba wa nani.

Akapatikana mwenyewe: mzee mwingine, jirani wa shamba, aliyekuwa na ugomvi na marehemu juu ya mpaka wa mikorosho mitatu. Mkutano uliitishwa chini ya mwembe. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti wakati wengine wamekaa chini, maana ndivyo walivyoniheshimu. Jina lake lilipotajwa, watu walinigeukia mimi niliyesoma. Nilinyamaza. Nilihofu kwamba nikifungua mdomo kumtetea, mtu mmoja atauliza ni nani aliyesababisha marehemu alale peke yake. Usiku ule nyumba ya yule mzee ilichomwa moto. Nilimhifadhi katika stoo ya shule, kati ya majembe na mipira, kwa majuma mawili, kisha akapanda Newala kwa binti yake. Hakurudi tena mpaka alipofariki.

Siku ya tisa Bwana Nyama alifika na bunduki yake, akavizia usiku mmoja tu, akampiga simba jike. Hakuwa mzee, meno yote alikuwa nayo. Umati ulitaka apasuliwe tumbo hapohapo, maana walitegemea kuona hirizi au bangili au shanga, kitu cha kuthibitisha kwamba ni simba wa mtu. Kilichotoka ni nywele ngumu nyeusi na kwato za nguruwe. Watu wakaondoka wamenuna. Mimi nilizitazama zile nywele kwa macho yangu. Nilikuwa nimefundisha sayansi miaka ishirini na miwili, lakini sikujiuliza chochote. Imenibidi kungoja kurasa mbili kutoka Uingereza zinieleze nilichokiona.

Sasa nije kwenye hasira.

Katika makala ile mtu anaonekana mara mbili tu: anapolala shambani na anapohesabiwa. Kati ya kifo cha kwanza na risasi ya serikali hakuna siku hata moja. Lakini msiba wetu ulikuwa ndani ya siku hizo tisa. Simba aliua mtu mmoja, tuliobaki tukammaliza wa pili sisi wenyewe, na huyo wa pili hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Nasi hatukuwa wabaya kuliko wengine. Ng'ambo ya Ruvuma, wilaya ya Muidumbe, mwaka 2002 na 2003 simba waliua watu wengi, kisha wananchi wakawaua wenzao walioshukiwa kuwa wenye simba. Mtafiti Paolo Israel ameliandika jambo hilo mwaka 2009. Mwaka uleule wa 2005 Mmarekani Harry West alitoa kitabu chake Kupilikula, kuhusu uwanda wa Mueda, akieleza jinsi wazee wa huko, ambao ni Wamakonde ndugu zetu, wanavyotofautisha simba wa porini na simba ambaye ni mtu. Yaani mwaka mmoja yametoka maandishi mawili juu ya simba wa pande mbili za mto mmoja, moja lina nguruwe bila uchawi, jingine lina uchawi, na hayajuani. Wataalamu wa simba huandikia wataalamu wa simba, na wataalamu wa watu vivyo hivyo. Sisi wenye simba na watu kwa pamoja hatuandikiwi na upande wowote.

Pili ni jinsi makala hii inavyotumiwa na wengine, ambalo si kosa la waandishi. Wapenda uwindaji wa kitalii huitaja ile 563 na kusema: mnaona, simba ni wengi mno, ni lazima wapunguzwe, na heri apunguze mgeni mwenye dola. Wanaopinga uwindaji nao hujibu kwamba simba wanakwisha Afrika, kwamba Tanzania ndiyo yenye simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na kwamba kila simba ni hazina. Wote wawili wanabishana juu ya idadi. Mimi naona swali la idadi halikuwa letu.

Chukua mfano wa Rufiji. Kuanzia 2002 hadi Aprili 2004 simba mmoja dume anahesabiwa kuwa aliua watu 35 hivi, mpaka alipopigwa. Rolf Baldus, aliyekuwa akifanya kazi na mradi wa Wajerumani wa wanyamapori, aliandika habari zake: alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu hivi, na chini ya gego lililopasuka palikuwa na jipu kubwa. Sasa tazama kanuni ya uwindaji. Mwaka huohuo wa 2004 Karyl Whitman, Packer na wenzao walionyesha kwa hesabu kwamba wawindaji wakichukua madume waliopita miaka mitano au sita tu, jumla ya simba haitashuka. Baadaye Tanzania ilifanya miaka sita kuwa ndio umri wa chini wa dume la kuwindwa. Kanuni ni nzuri kwa kazi yake, siibezi. Lakini kwa kanuni hiyo mgeni angemwona yule wa Rufiji, angempima umri, angemwacha apite. Na yule wetu wa 1994 alikuwa jike. Risasi ya mtalii hutafuta manyoya ya shingoni, risasi ya Bwana Nyama hutafuta simba mmoja mwenye hatia, na anayeniambia kwamba ya kwanza inafanya kazi ya pili ananiuzia kitu. Tuna mapori ya akiba jirani, Msanjesi na Lukwika-Lumesule. Simba anayepigwa huko hajawahi kumpunguzia mtu wa kijiji changu cha zamani usiku hata mmoja wa dungu.

Kudhibiti idadi kuna historia mbaya pia. Njombe, miaka ya 1930 na 1940, simba walikula watu kwa kiasi ambacho George Rushby wa idara ya wanyama alikikadiria kuwa 1,500. Wapo wanaoitilia shaka hesabu hiyo, nami ni mmoja wao. Ila jambo moja halina shaka: serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga wanyama wa porini wa eneo lile ili kuzuia sotoka isishuke kusini. Walidhibiti idadi ya swala na nyati, wakabaki simba wenye njaa kati ya vijiji. Wananchi wa huko walisema nini? Walisema ni simba wa mganga fulani aliyenyang'anywa cheo. Simba wa nani, kama sisi.

Hapa Newala tulikuwa na mtu wetu wa vitabu vya aina hiyo, Mwingereza Ionides, aliyeingia idara ya wanyama mwaka 1933 na kuzunguka kusini yote, kisha baada ya kustaafu akaishi hapa akikamata nyoka. Tulimwita Bwana Nyoka, na watoto wa rika langu tulijua kwamba ukimpelekea habari ya moma aliyelala kichakani unapata senti. Alifariki mwaka 1968. Kitabu chake kilitoka Marekani kwa jina la Mambas and Man-Eaters. Nimevisoma vitabu kadhaa vya aina hii, na simulizi zake zinafanana: simba anaua, mzungu anaitwa, simba anapigwa, kijiji kinacheza ngoma. Bunduki hufika ukurasa wa pili. Wala hapana ukurasa unaosema kilichotendeka kijijini kabla bunduki haijafika. Kwa hili ile makala ya wataalamu ni mtoto wa vitabu hivyo, ingawa imevaa nguo mpya za takwimu.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana ugomvi wa namna hii juu ya mnyama ambaye Kiswahili hakina jina lake la pekee. Watafsiri wa Biblia walimwita mbwa-mwitu, jina ambalo huku ni la yule mbwa wa mabaka anayewinda kwa makundi Selous, na kwa hiyo watoto wa Jumapili wa Masasi wamekua wakimwogopa mbwa asiyehusika. Mnyama huyo wa baridi alikwisha kabisa Yellowstone miaka ya 1920, akarudishwa mwaka 1995 kutoka Kanada, akazaana, na mwaka 2011 majimbo ya Montana na Idaho yakaruhusu awindwe. Ulaya nako, mwaka 2025, kinga yake ilipunguzwa daraja. Ubishi wao ni wa makundi mangapi yatosha. Unafaa kwao, kwa kuwa anachokula huko ni kondoo na ndama, na kondoo ana bei. Kosa ni kuuchukua ubishi ule mzimamzima na kuuleta hapa. Mwaka 2015 simba mmoja wa Zimbabwe, Cecil, aliuawa na daktari wa meno wa Kimarekani, dunia ikalia machozi, na ikamjua simba kwa jina lake. Sidai walie kidogo. Nasema tu kwamba wale 563 hawana jina hata moja katika kurasa zile mbili.

Na serikali yetu je? Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa aliyeuawa na mnyama hatari: shilingi milioni moja. Jina la malipo hayo ni kifuta machozi. Mimi ni mwalimu wa lugha pia, naliangalia neno hilo. Halikuitwa fidia, kwa sababu fidia hulipwa na mwenye kosa. Kwa aliyeliwa mazao kuna kifuta jasho. Kwa aliyechomewa nyumba kwa sababu Bwana Nyama hakuwa na mafuta, hakuna kitambaa cha kumfuta chochote.

Ningekuwa nasahihisha makala ile kama mtihani, ningewapa alama za juu kwa nguruwe, kisha ningeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: siku ngapi? Kutoka mtu wa kwanza alipochukuliwa mpaka bunduki ilipofika, siku ngapi, katika kila kijiji? Takwimu hiyo ingetuambia mengi kuliko idadi ya simba. Ni takwimu ya mafuta ya gari, ya barua ya baiskeli, ya gobore lisilo na baruti. Sheria yenyewe inamruhusu mtu kumuua mnyama ili kuokoa uhai, lakini haimpi cha kumuulia. Na ninavyosoma maandishi yao ya baadaye, Kushnir na Packer wamezidi kusogea karibu na ukweli wetu. Mwaka 2011 walionyesha, pamoja na Alexandra Swanson na Ikanda, kwamba simba hushambulia watu zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, pale giza linapotangulia mwezi kuchomoza. Wamehesabu usiku. Wakihesabu na mchana wa kungoja, nitawasoma tena bila hasira.

Yule mvulana wa fimbo nne sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Yuko kijijini kulekule, analima shamba lilelile. Mwezi wa tatu nilikwenda kumsalimu, nikachukua na ile nakala. Alinipokea vizuri mno, akaniita Mwalimu kama zamani, mkewe akanipikia ugali na kisamvu. Nilimtafsiria kurasa zote mbili, pole pole, naye akasikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Babu yumo katika hiyo mia tano sitini na tatu?"

Nikamwambia habari zilikusanywa kutoka wilayani. Kama daftari la mtendaji lilifika wilayani mwaka ule, yumo. Kama halikufika, ndiyo maana wameandika angalau.

Akatikisa kichwa. Jua lilikuwa limeinama. Akaniomba radhi kwamba hawezi kunisindikiza mpaka barabarani, akachukua debe na tochi, akamwita mjukuu wake wa kiume, wakashika njia ya mahameni. Nguruwe walikuwa wameshaanza mihogo.